Watu wa Pua Kubwa: Kwa Nini Twaanza na Kikatuni

NDUGU MSOMAJI, jiulize kwa uaminifu: gazeti lilipokufikia Jumapili hii, ulilifungua ukurasa gani kwanza? Yako mambo mazito katika ukurasa wa mbele, na mhariri amekesha akiyapanga. Yamkini wewe, kama wenzako wengi, uliyapita kama mtu apitaye msibani kwa jirani asiyemfahamu, ukaenda moja kwa moja kwenye vile visanduku vitatu au vinne vyenye watu wa pua kubwa na suruali zilizochanika. Usione haya. Sisi tunaofanya kazi hii tunalijua jambo hilo tangu zamani, na baadhi yetu limetuuma.

Nenda Musoma siku ya Jumapili, ibada zikiisha. Kwa kinyozi wa Nyasho, au kivulini karibu na gati la Mwigobero, gazeti moja hutosha watu saba au wanane. Habari husomwa na mmoja kwa sauti, wengine wakisikiliza nusunusu huku wanabishana juu ya mpira. Kikatuni hakisomwi hivyo. Kikifika, mwenye gazeti hana budi kuligeuza ili wote waone, na vichwa vyote huinama pamoja. Anayechelewa kucheka huelezwa, na anayeeleza huongeza chumvi yake mwenyewe. Kesho yake utaukuta ukurasa huohuo umebandikwa ukutani kwa kinyozi, au umefungia maandazi, na mwenye kula maandazi atausoma tena kabla hajafuta mafuta mikononi.

Zamani ilikuwa hivyo zaidi. Katika miaka ya 1970 gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam halikutegemewa kufika Bunda au Musoma siku ileile. Safari ilikuwa ndefu, na masika yalikuwa na amri yake juu ya barabara. Hotuba iliyokwisha kusikika redioni juzi ilifika ikiwa baridi. Kikatuni kilifika kingali moto, kwa sababu mlevi wa Jumatatu hana tofauti na mlevi wa Alhamisi.

Tena wako waliofundishwa na kikatuni kusoma, au tuseme walithibitishiwa nacho kwamba wanajua kusoma. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mkoa wa Mara ulikuwa mmojawapo wa mikoa minne ya Ziwa, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambao leo ni Kagera, iliyochaguliwa kwa majaribio ya kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa shirika la UNESCO. Vitabu vyake vilihusu kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe, migomba na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda hiyo. Fikiri basi juu ya mama wa Butiama aliyeanza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini. Tahariri ilikuwa mlima kwake. Kikatuni kilikuwa na maneno kumi au kumi na tano, kwa herufi kubwa, na picha ilimshika mkono pale neno lilipomshinda. Akifika kisanduku cha mwisho alikuwa amemaliza kitu kizima, chenye mwanzo na mwisho, na alikuwa amecheka mahali palepale alipocheka msomi wa mjini.

CHAKUBANGA NA MWENYE NYUMBA

Jina linalotajwa kwanza katika mambo haya ni Chakubanga. Mchoraji wake ni Christian Gregory, na makao yake yalikuwa gazeti la Uhuru, mali ya TANU na, tangu tarehe 5 Februari 1977, mali ya CCM. Chakubanga ni mtu wa chini, wa mtaani, ambaye kila mkasa wa maisha ya mjini humwangukia. Jina lake likatoka gazetini likaingia mitaani, hata wazee wengi leo hawasemi "kikatuni"; husema tu "Chakubanga", kama vile kila kikatuni ni mtoto wake.

Jambo la kuangaliwa ni mahali alipozaliwa. Mtu angetazamia kwamba gazeti la chama lingependa kuchora mkulima mwenye kifua kipana, jembe begani, macho yakitazama jua linalochomoza. Picha za namna hiyo zilikuwapo, na hakuna anayezikumbuka. Anayekumbukwa ni Chakubanga. Nami naona sababu yake iko katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lilisema waziwazi kiongozi asiwe nani: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari. Kiongozi akawekewa kipimo mbele ya macho ya watu wote. Mahali pasipo na kipimo, mchoraji hana pa kushika. Lakini pale ambapo kila abiria wa basi anajua kiongozi anatakiwa aweje, mistari michache ya kalamu yatosha kuonyesha alivyo. Tumbo likichorwa limetangulia mlangoni, kazi imekwisha.

Na msomaji naye hakusalimika. Miaka ya shida ya bidhaa ilipofika, kikatuni kilimgeukia mlanguzi, mwenye duka anayeficha sukari chini ya meza, na yule anayejua mlango wa nyuma. Watu wa Mara walivisoma vikatuni hivyo kwa namna yao. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Lakini Sirari haikuhama, wala ziwa halikukauka, na sabuni ilijua njia. Kwa hiyo baba wa Musoma aliyecheka mlanguzi wa gazetini alicheka huku ameketi chumbani kwake, na katika kabati lake kulikuwa na kipande cha sabuni ambacho hakutaka mgeni akione. Kicheko cha namna hiyo kina kikohozi ndani yake.

Chakubanga hakuwa peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza katika miaka ya 1950 na baadaye akahamia Taifa Leo. "Kalulu" ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, na sungura aliyegeuzwa juha ni mzaha tayari kabla hujachora kitu. Kwetu likaja jarida la Sani, lililopata jina lake kwa herufi za mwanzo za waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo kijana Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, akatuletea watu ambao wengi wetu tuliwajua kuliko wajomba zetu: Lodi Lofa, ambaye ulofa umo ndani ya jina lake, na Ndumilakuwili, nyoka wa vichwa viwili aliyevaa viatu vya mjini. Akawapo pia Madenge, mtoto mtundu wa shule. Walimu walilinyang'anya jarida hilo madarasani, kisha wakalisoma wao ofisini.

Hapo hapo, ndugu msomaji, nataka niseme lisilonipendeza. Vikatuni vyetu vimewaonea wanawake. Mke ni mnene na mkali na ana mwiko mkononi, msichana ni mwenye tamaa ya pesa. Mume mlevi anayerudi usiku wa manane ndiye anayehurumiwa. Vimewaonea pia watu wa bara kwa lafudhi zao. Mtu wa Mara analijua hili bila kuelezwa: Mkurya wa vichekesho ni askari au mlinzi, panga halimtoki mkononi, na mkewe, ati, asipopigwa hulalamika kwamba hapendwi. Wasomaji wa Tarime, Bunda na Musoma wameusikia mzaha huo mara nyingi mno. Wako wanaoucheka wenyewe, kwa sababu mtu hupenda kutajwa. Lakini mzaha wa kwamba kipigo ni mapenzi umewafaa wapigaji peke yao. Anayemchora mlanguzi humpunguzia nguvu. Anayemchora mke aliyevimba jicho kisha akaandika neno la kuchekesha juu yake, amemwongezea nguvu yule aliyempiga. Mchoraji anayejua kazi yake hutazama kwanza nani amesimama juu na nani yuko chini, kabla hajachovya kalamu katika wino.

SUFURIA ILIYOZAA

Sasa tuje kwenye dini, ambako wachoraji wengi huanza kutembea kwa ncha za vidole.

Waswahili hawakungoja magazeti ili wacheke mambo haya. Abunuwasi tumemrithi kutoka kwa Waarabu, kwa jina la mshairi aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, nasi tumemfanya wetu kabisa. Wengi tulimsoma shuleni. Mwaka 1996 Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kupata umaarufu wake Nairobi, alimtolea kitabu cha picha katika shirika la Sasa Sema. Kisa kimoja cha Abunuwasi kinachojulikana kila mahali ni kile cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Aliporudisha alitia ndani yake sufuria ndogo, akasema ile kubwa imezaa. Jirani akafurahi, akapokea mama na mtoto. Mara ya pili Abunuwasi aliazima, wala hakurudisha. Jirani alipodai, aliambiwa kwamba sufuria imefariki dunia. Wakaenda kwa kadhi. Jirani akalia: sufuria yafaje? Kadhi akamuuliza kama alipoambiwa imezaa alikataa.

Hebu kitazame kisa hiki. Hakuna neno lolote ndani yake juu ya Mwenyezi Mungu, wala Mtume, wala Kitabu. Lakini amini usiamini, ni kisa cha dini tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maana kinamhusu mtu anayekubali muujiza kwa sababu una faida.

Hiyo ndiyo njia ambayo vikatuni vyetu vimeifuata. Mganga ametundika kibao cha kuondoa umaskini, na paa la nyumba yake linavuja. Mzee wa kanisa anahesabu sadaka huku kidole gumba kimefunika noti moja. Shehe anahimiza subira kwa watu wenye njaa, na ubwabwa umemtoa jasho. Hao wote twawajua. Mchoraji ameacha mbingu mahali pake akamtazama aliyesimama mlangoni akikata tiketi. Ndiyo sababu Mkristo na Mwislamu waweza kuketi benchi moja kwa kinyozi wakacheka pamoja: kila mmoja anaye wa kwake.

Kwingine mambo yameenda vingine. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapa vikatuni kumi na viwili juu ya Mtume Muhammad, na ghasia zilizofuata katika nchi nyingi ziliua watu. Tarehe 7 Januari 2015 watu wenye silaha waliingia katika ofisi ya jarida la Charlie Hebdo mjini Paris, wakaua watu kumi na wawili, wachoraji wakiwamo. Hakuna kikatuni duniani kinachostahili kulipwa kwa damu, na aliyefanya vile ni muuaji. Hata hivyo, msomaji wa kwetu aliyeziona habari hizo alikuwa na swali jingine pia: mzaha ule ulimlenga nani? Katika mji ambao waliochekwa ni wachache na wanyonge, na wachekaji ndio wenye mji, kicheko kina harufu nyingine. Hapa kwetu Kanuni za Adhabu zina vifungu vinavyokataza kuitukana dini na kuumiza kwa makusudi hisia za waumini. Mimi sidhani kwamba vifungu hivyo ndivyo vilivyowafanya wachoraji wetu wawe na adabu. Mchoraji wa Kitanzania ana shangazi Mwislamu na mama mdogo Mlutheri, na Idi na Krismasi hula kwa wote wawili. Atakwenda kula wapi?

Adabu hiyo ina hatari yake. Ikizidi, hugeuka uoga, na hapo wauza miujiza hupata uwanja mpana.

Kumbuka mwaka 1987? La, hauhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Kumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, akaanza kutoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilometa nyingi. Kutoka Mara watu walikatiza upande wa Serengeti, wagonjwa wakiwa wamelazwa migongoni mwa malori, na wengine walifia njiani. Wakubwa wa serikali nao walikwenda wakanywa. Wachora vikatuni hawakulala miezi ile. Kikombe kikachorwa kikitibu kila kitu: madeni, mgawo wa umeme, uchaguzi ulioshindwa. Tulicheka sana. Lakini ukivitazama vikatuni vile leo, Babu mwenyewe amefariki tangu Julai 2021, utaona kwamba vingi vilicheka foleni na vichache mno viliuliza lile ambalo daktari angeuliza: itakuwaje kwa mgonjwa anayeacha dawa za hospitali kwa sababu amekunywa kikombe?

Tarehe 1 Februari 2020 huko Moshi, watu ishirini walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa dini, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Siku kama hiyo mchoraji afanyeje? Huwezi kuwacheka waliokufa. Walikuwa na magonjwa, madeni na watoto wasiopata kazi. Lakini ukinyamaza kabisa, wiki ijayo uwanja mwingine utajaa. Nadhani aliyemwelewa Abunuwasi angechora sufuria tupu. Angeichora siku ile ya kwanza, watu walipofurahia kwamba imezaa, kwa sababu siku ya kufa kwake kikatuni huwa kimechelewa.

MWITONGO

Ukitoka Musoma ukashika njia ya Butiama, utafika Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Oktoba 1999. Sikutaji mahali hapa kwa heshima tu. Mwalimu alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1943, akabaki Mkatoliki wa kwenda misa mpaka mwisho. Na mtu huyohuyo, mwezi Oktoba 1970, alisimama huko Marekani mbele ya watawa wa Maryknoll, shirika ambalo mapadri wake walikuwa wakihudumu katika Jimbo la Musoma, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga mfumo unaowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana kwao. Alisema akiwa ndani ya nyumba, kama mtoto anayemwambia baba yake kwamba paa linavuja. Na mzaha aliujua. Alipokitafsiri kitabu cha Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, akakitoa mwaka 1969, wafanyabiashara wake wote aliwaita mabepari palepale juu ya jalada.

Yeye mwenyewe alichorwa mno, enzi zake na baada yake: kile kisharubu kidogo, shati la mikono mifupi, kifimbo. Mchoraji yeyote wa Tanzania humaliza sura yake kwa mistari sita. Sasa Kanisa limeanza safari nyingine juu yake. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Mahujaji hufika Butiama na rozari mikononi, na pembeni yao wamo watoto wa shule waliokuja na walimu kuona makumbusho, ambao sura yake wameijua kwanza kwa vikatuni.

Wako waumini wanaoona kwamba vikatuni vya Mwalimu sasa vingepumzishwa. Nawaelewa, ingawa sikubaliani nao. Kisharubu kile kilikuwa chake. Kifimbo kile alikishika mbele ya watu wote, na wananchi walikipa maelezo yao, mengine ya kichawi kabisa, ambayo yeye hakuyapenda wala hakuweza kuyazuia. Siku Kanisa likimpandisha altareni, msanii wa picha takatifu atamchora amekunja mikono, uso umeinuka, na mwanga umemzunguka kichwa. Siku hiyohiyo, katika chumba fulani cha habari, kijana mwenye kalamu atakuwa amepewa visanduku vitatu na saa mbili za kufanyia kazi, na itabidi aamue mwenyewe kama kile kifimbo akichore au akiache.